Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege: umbali ni uleule, kwa nini kila mtu anataja muda wake?

#1 MzawaSengerema (mwanzisha uzi)

Habari za wakati huu, wakuu.

Mama yangu ana umri wa miaka 74 na anaishi Sengerema. Kila baada ya miezi mitatu huja Dar es Salaam kwenye kliniki ya macho, na kwa kuwa mgongo wake hauvumilii tena basi, tumekubaliana kama familia awe anasafiri kwa ndege. Ana dawa za kisukari na za presha ambazo ni lazima ziendane na chakula, kwa hiyo mimi ndiye ninayempangia saa ya kula, saa ya kumeza dawa na saa ya kupokelewa Mwanza. Safari iliyopita niliwauliza watu watatu ndege hutumia muda gani kutoka Dar hadi Mwanza. Mmoja alisema dakika hamsini, wa pili akasema saa moja na robo, wa tatu akasema karibu saa mbili. Tovuti moja ya kukokotoa umbali ilinipa saa moja na dakika 34, na tiketi yenyewe ilionyesha saa moja na nusu. Nilipanga kwa kumfuata yule wa dakika hamsini, na mama yangu akakaa na njaa muda mrefu kuliko daktari alivyoruhusu. Kosa lile lilikuwa langu, na limenifanya nitake kulielewa jambo hili mpaka mwisho wake.

Nilianza na umbali. Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere kipo nyuzi 6.88 kusini mwa ikweta na nyuzi 39.20 mashariki. Kiwanja cha Mwanza kipo nyuzi 2.44 kusini na nyuzi 32.93 mashariki. Tofauti ya kusini na kaskazini ni nyuzi 4.43, na tofauti ya mashariki na magharibi ni nyuzi 6.27. Karibu na ikweta kila nyuzi moja ni takriban kilomita 111, kwa hiyo tunapata kilomita 492 kwenda kaskazini na kilomita 696 kwenda magharibi. Ukizichukua hizo kuwa pande mbili za pembetatu na kutafuta ule upande wa tatu kwa hesabu ya darasani, unapata kilomita 852. Nimelinganisha na kikokotoo kinachozingatia mviringo wa dunia na jibu ni lilelile, kwa sababu sisi tuko karibu na ikweta na masafa yenyewe si marefu.

Umbali sina shida nao tena, kwa sababu hizo 852 hazibadiliki. Ninachoomba kwenu ni muda. Kati ya majibu yale, lipi ni la kweli?

#2 MkaaziKahama

Mkuu, mimi naona jibu la dakika hamsini halina kosa kubwa. Ndege za jeti hukimbia kilomita 800 hadi 900 kwa saa. Gawanya 852 kwa 900, unapata dakika 57. Hayo mengine nadhani ni mashirika kujiwekea nafasi ili yasionekane yamechelewa.

#3 MpangaSafari

Habari zenu wote. Nimefanya kazi ya kupanga safari za ndege kwa miaka tisa, yaani kukokotoa njia, mafuta na muda kabla rubani hajakabidhiwa karatasi zake, kwa hiyo naomba nieleze kwa urefu kidogo.

Ndugu yangu wa Kahama amegawanya sahihi, lakini ameichukulia ndege kama gari lililo kwenye gia ya mwisho tangu linapotoka getini. Mwendo huo wa kilomita 800 na zaidi ni wa juu kabisa, kwenye futi 36,000 hivi, ambako hewa ni nyepesi. Kabla ya kufika huko ndege inapanda, na wakati wa kupanda kasi yake kuelekea mbele ni ndogo. Chini ya futi 10,000 kwa kawaida haizidi noti 250, yaani maili 250 za baharini kwa saa, ambazo ni kilomita 463. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, na sisi kazini hupima kila kitu kwa maili hizo. Kwetu sisi Dar hadi Mwanza ni maili 460.

Sasa zigawanye maili 460 jinsi ndege inavyozitumia. Kupanda hadi juu hula maili kama 120 na dakika kama 20. Kushuka nako kuna kanuni ambayo kila rubani anaijua: kwa kila futi 1,000 unazotaka kushuka, anza maili 3 kabla. Kiwanja cha Mwanza kipo futi 3,763 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kutoka futi 36,000 kuna futi kama 32,000 za kushuka, ambazo zinahitaji maili 97, karibu kilomita 180. Maana yake ni kwamba rubani anaanza kushuka akiwa bado hajafika Maswa. Hapo katikati zinabaki maili 240 tu za mwendo kamili, ambazo ni dakika 32. Jumlisha dakika 20 za kupanda, dakika 32 za mwendo wa juu, kisha dakika 20 na kidogo za kushuka na kutua, unapata saa moja na robo. Huu ndio muda wa hewani, tangu matairi yaache lami ya Dar mpaka yaguse lami ya Mwanza, na yule wa pili uliyemuuliza alikuwa anautaja huu.

Muda wa kwenye tiketi ni kitu kingine. Unaanza pale ndege inapoachia maegesho yake na kuisha pale inapoegeshwa upande wa pili. Ndani yake kuna kusukumwa nyuma, kuwasha injini, kutembea hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kungoja aliye mbele aruke, na baada ya kutua kutembea tena hadi jengo la abiria. Dakika 15 ni za kawaida kwa shughuli hizo. Ndivyo saa moja na robo inavyokuwa saa moja na nusu, na hakuna aliyejiwekea nafasi kwa nia mbaya. Ile tovuti iliyokupa saa moja na dakika 34 nayo naijua kwa hesabu yake: tovuti nyingi za aina hiyo huchukua umbali, hugawanya kwa kilomita 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kilomita 852 kwa 800 ni dakika 64, ongeza 30, ni dakika 94. Haijui ni ndege gani, haijui upepo, haijui chochote kuhusu Mwanza, ila kwa njia yetu hii inakaribia ukweli.

#4 MkaaziKahama

Asante sana mkuu, nimeelewa na nafuta neno langu kuhusu mashirika. Hapo kwenye kushuka sikuwahi kufikiri kwamba zaidi ya robo ya safari nzima ni kushuka tu.

#5 BintiPasiansi

Naomba niongeze jambo ambalo naliona kwa macho kila siku, maana naishi jirani na kiwanja cha Mwanza na kibaraza chetu kinatazama ziwa. Ndege zinazotoka Dar haziji kwa njia moja. Siku nyingine ndege inatokea upande wa kusini-mashariki, inapita moja kwa moja na kutua. Siku nyingine unaisikia ikipita juu, unadhani haitui kwetu, kisha inakwenda mpaka juu ya maji, inageuza ubawa na kurudi ikiwa chini sana, taa zake zikiwa zimewashwa mchana kweupe, na ndipo inatua. Watoto wa mtaani wamezoea kusema, "leo imekuja ya ziwani". Kwa saa yangu, ile ya ziwani huchukua dakika nane hadi kumi zaidi tangu sauti yake isikike mara ya kwanza. Nilidhani ni matakwa ya rubani.

#6 MpangaSafari

Dada umetazama vizuri kuliko wengi walio ndani ya ndege. Njia ya kurukia ya Mwanza inaitwa 12/30, maana yake imelala kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, uelekeo wa nyuzi 300 upande mmoja na nyuzi 120 upande wa pili. Mstari wa kutoka Dar unakuja kwa uelekeo wa nyuzi 305 hivi. Kwa hiyo ikiwa ndege inatua kuelekea 30, inakuja karibu moja kwa moja kama mtu aliyelenga mlango. Lakini ndege hutua ikikabili upepo. Upepo ukitoka kusini-mashariki, inabidi ipite kiwanja, iende ziwani, igeuke, na kutua kuelekea 12. Hizo dakika nane hadi kumi zako ndizo tunazoziweka kwenye hesabu.

Kwa Dar mambo ni tofauti, kwa sababu njia kubwa ya kule, 05/23, imekaa kukingama na mstari wa kutoka Mwanza. Msimu wa kaskazi ukivuma ndege inatua ikielekea kaskazini-mashariki, na upepo ukigeuka inatua upande mwingine, lakini kwa vyovyote itabidi ikate kona.

#7 MzawaSengerema

Nashukuru sana, hasa MpangaSafari na dada wa Pasiansi. Sasa yule aliyeniambia karibu saa mbili alikosea wapi? Huyu ni mtu mzima, husafiri mara nyingi, na si mtu wa kukisia.

#8 MpangaSafari

Huenda hakukosea hata kidogo. Muulize alipanda ndege gani. Ile saa moja na robo ya hewani niliyoeleza ni ya jeti, kwa mfano Airbus A220 ambazo zimekuwa zikifanya safari hii tangu zilipoanza kuingia nchini mwishoni mwa mwaka 2018. Ndege za pangaboi zina mwendo wake. Dash 8 Q400 huweza kufika kilomita 667 kwa saa ikiwa juu, na haipandi zaidi ya futi 25,000, kwa hiyo safari yake kutoka maegesho hadi maegesho huwa saa moja na dakika 45 hivi. ATR 72 hukimbia kilomita 500 kwa saa, na hiyo ndiyo inayokupeleka karibu saa mbili. Umbali ni uleule na viwanja ni vilevile. Kabla ya kupanga saa za dawa za mama, tazama kwenye tiketi aina ya ndege, na uitazame tena jioni ya siku iliyotangulia, kwa sababu hubadilishwa.

Watu wananiuliza pia habari za upepo wa juu, kwamba kwenda na kurudi havilingani. Kati ya London na New York, ambako ni kilomita 5,540, tofauti ni kubwa, karibu saa nzima au zaidi, kwa sababu huko kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwetu hapa karibu na ikweta mkondo huo haupo, na tofauti ya Dar na Mwanza kwenda na kurudi ni dakika chache ambazo abiria hazioni.

#9 DerevaWaKanda

Salamu kwenu wadau. Mimi ni mtu wa barabara, nimeendesha Dar–Mwanza kwa miaka mingi, na nilipoona kilomita 852 nilidhani mwenzetu amekosea kuandika. Sisi tunahesabu kilomita 1,150 hivi. Unapita Chalinze, Morogoro, Dodoma, Manyoni, Singida, unateremka mlima Sekenke, Igunga, Nzega, Tinde, unapanda Shinyanga ndipo Mwanza. Naomba kueleweshwa hizo kilomita 300 zimepotelea wapi.

#10 MzawaSengerema

Shikamoo mzee wangu. Hazijapotea, barabara ndiyo imezunguka, na hili nalo nilikaa na ramani nikalichora. Mstari ulionyooka kutoka Dar hadi Mwanza haupiti Morogoro wala Dodoma. Unakata juu ya Kilindi, unapita katikati ya Kondoa na Babati, unafika karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Eyasi, kisha Maswa, ndipo unaingia Mwanza. Dodoma unaiacha kusini kwa takriban kilomita 190. Barabara inabidi ifuate miji na kukwepa milima na mbuga, na ndiyo maana kila kilomita moja ya angani inakuwa kilomita moja na theluthi ya ardhini. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba tukiwa angani tunaifuata ile barabara kwa juu. Siku mama alipokaa dirishani akaniambia ameona maji yenye rangi ya chumvi, kama maziwa yaliyokatika, nilimwambia labda ni mawingu. Sasa naamini lilikuwa ni Eyasi, na nimemwomba radhi.

#11 MwalimuMstaafu

Naomba niweke neno moja juu ya saa zetu, kwa sababu jambo hili limewahi kutuumiza nyumbani. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikatiwa tiketi ya kwenda Mwanza kwenye mazishi ya kaka yake. Wakala aliyekata alimwambia kwa simu, "ndege ni saa saba". Tiketi ilisema 07:00. Shangazi alioga, akafunga kanga zake mbili, akafika kiwanjani saa tano na nusu mchana ili asichelewe, akiwa ametangulia kwa saa moja na nusu kama alivyoelekezwa. Ndege ilikuwa imeondoka saa moja asubuhi na maziko yalikuwa alasiri. Kijana wa kaunta alimwonyesha zile tarakimu, na shangazi akamwambia, "mwanangu, hii ni saa saba". Na kwa lugha yake alikuwa sahihi.

Tangu siku hiyo kila tiketi inayopita mikononi mwangu naiandika upya kwa kalamu: 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana, 19:00 ni saa moja jioni. Na kwa kuwa mada yenu ni muda wa safari, mnapomwandikia mzee ujumbe kwamba "saa 1:30", mwelezeni kama ni muda wa saa moja na nusu hewani au ni saa moja na nusu asubuhi. Wengi wetu tunaandika hivyohivyo kwa maana zote mbili.

#12 MzawaSengerema

Pole sana mwalimu. Nimeufungua ujumbe niliomtumia mdogo wangu safari iliyopita na nimeona nimeandika hivyo hivyo: "Dar–Mwanza saa 1:30". Naubadilisha leo.

#13 MaalimIlemela

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote. Kuna saa nyingine ambayo tiketi haiionyeshi kabisa, nayo ni saa ya jua. Tanzania nzima inatumia majira mamoja, kwa hiyo Dar na Mwanza saa za ukutani zinafanana. Lakini zile nyuzi 6.27 za mashariki na magharibi alizozitaja mwanzisha uzi zina maana kwa jua. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa dakika nne, kwa hiyo jua linachwa Mwanza dakika 25 baada ya kuchwa Dar. Hiyo ni kwa miezi kama Machi na Septemba. Kwa kuwa Dar iko kusini zaidi, mwezi wa Juni tofauti huongezeka hadi dakika kama 33, na Desemba hupungua hadi dakika kama 17.

Nilisafiri mwezi wa Ramadhani kwa ndege ya jioni kutoka Dar. Tuliruka jua likiwa limeshuka sana, na jamaa niliyekaa naye alikuwa na tende tatu kwenye karatasi, akitazama ratiba ya magharibi ya Dar kwenye simu. Saa ile ya ratiba ilipofika, aliinua tende, kisha akatazama dirishani na kuirudisha, maana jua lilikuwa bado pale, jekundu na duara kamili, juu ya mstari wa upeo. Ndege ilikuwa inakwenda magharibi kulifuata, na huko juu upeo wenyewe uko mbali zaidi, kwa hiyo jua linakawia kuzama. Chini yetu nchi ilikuwa imeshaingia giza na taa za vijijini zinaonekana, sisi bado tuna mchana. Mafundisho niliyopokea ni kwamba aliye angani hufuturu anapoliona jua limezama kwa pale alipo, wala hafuati ratiba ya mji alioondoka au anaokwenda. Tulisubiri karibu nusu saa nzima. Kwa mgonjwa wa kisukari aliyefunga kwa ruhusa ya daktari wake, hiyo nusu saa ni ya kuhesabiwa kabla hajapanda, na ni vyema akachagua ndege ya asubuhi.

#14 MpwaniMuscat

Wakuu, nawasalimu kutoka Muscat. Mwalimu na Maalim wamenikumbusha swali langu la siku nyingi. Tiketi yangu ya kutoka Dar kuja huku huonyesha kama ninasafiri saa sita na nusu, na ya kurudi nyumbani huonyesha kama saa nne na nusu. Nimekuwa nikiwaambia watoto kwamba kurudi nyumbani tunasukumwa na upepo. Je, nimewadanganya?

#15 MpangaSafari

Ndugu wa Muscat, safari yenyewe ni saa tano na nusu hivi pande zote mbili, kwa umbali wa karibu kilomita 3,970. Oman imetangulia Tanzania kwa saa moja. Ukiondoka Dar saa kumi alfajiri, ukakaa hewani na kwenye lami saa tano na nusu, kwa saa ya Dar unafika saa tatu na nusu asubuhi, lakini saa ya ukutani huko inasema saa nne na nusu. Ukirudi, saa hiyo moja unarudishiwa. Tiketi daima huandika saa ya mji husika: ya kuondoka kwa saa ya mji unaoondoka, ya kufika kwa saa ya mji unaofika. Waeleze watoto hivyo, watafurahi kujua kwamba wakati wa kurudi wanapewa saa moja bure. Sisi wa Dar na Mwanza hatuna shida hiyo, ukitoa tarakimu moja kwenye nyingine unapata muda halisi.

Nimalizie kwa mwanzisha uzi na jambo la hali ya hewa. Ziwa Victoria huwa na radi na mvua nyingi usiku na alfajiri. Usiku maji yanabaki na joto wakati nchi kavu inapoa, upepo wa nchi kavu unavuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, unakutana katikati na kupanda juu kuwa mawingu makubwa. Ndege ya alfajiri inaweza kulazimika kuzunguka mawingu hayo au kungoja angani. Kwa hilo ndege hubeba mafuta ya safari, ya tahadhari, ya kwenda kiwanja kingine, na juu ya hayo yote mafuta ya kuelea nusu saa. Kutoka Mwanza kwenda Kilimanjaro, kwa mfano, ni kilomita 470 nyingine. Hutokea mara chache, lakini mama mwenye dawa za saa asipande ndege yoyote bila chakula mkononi.

#16 MzawaSengerema

Wakuu, nimerudi na majibu. Juzi nilimsindikiza mama mwenyewe hadi nyumbani, na nilikaa na saa ya mkononi na daftari, nikaandika kila kitu. Ndege ilikuwa A220, tiketi ikisema kuondoka saa nne asubuhi na kufika saa tano na nusu.

Tulitoka Tabata saa 1:10 asubuhi, na kwa foleni ya Barabara ya Nyerere tulifika kiwanjani saa 1:55. Mama alikula chapati na yai na kumeza dawa saa 3:15, tukiwa tumeshapita ukaguzi. Mlango wa ndege ulifungwa saa 3:56. Ndege ilianza kusogea saa 4:01, na matairi yaliacha lami saa 4:13, yaani dakika 12 nzima tulikuwa tunatembea na kungoja. Niliisikia injini ikipunguza sauti na pua ikiinama saa 5:04, nikamwambia mama kwamba sasa tumeanza kushuka, akaniuliza nimejuaje. Tulikuja moja kwa moja, hatukupitishwa ziwani. Matairi yaligusa lami ya Mwanza saa 5:27 na ndege ikaegeshwa saa 5:32.

Kwa hiyo hewani ni dakika 74, na kutoka maegesho hadi maegesho ni dakika 91. Saa moja na robo ilikuwa kweli, na saa moja na nusu ilikuwa kweli.

Lakini hatukuishia hapo, na hapa ndipo nilipokuwa nakosea miaka yote. Mizigo tuliipata saa 5:50. Gari la mdogo wangu liliondoka kiwanjani saa 5:58, likapita mjini, likatoka Usagara. Saa 7:00 mchana tulisimama kando ya barabara kabla ya kufika Kigongo, mama akala ndizi na uji wa chupa, akameza dawa ya mchana. Daraja la Kigongo–Busisi tulilivuka saa 7:08 kwa dakika chache tu. Kabla halijafunguliwa Juni 2025 hapo ndipo tulipokuwa tukisubiri kivuko, na nimeshawahi kumsubirisha mama pale zaidi ya muda wote aliokaa angani. Tuliingia uani Sengerema saa 7:40.

Kutoka mlango wa Tabata hadi mlango wa Sengerema ni saa sita na nusu, na ndani yake ndege imeruka kwa dakika 74. Mdogo wangu sasa nimemwandikia ratiba ya safari ijayo kwa saa hizo sita na nusu, na kila saa nimeiandika kwa maneno: saa moja na dakika kumi asubuhi, saa tatu na robo asubuhi, saa saba kamili mchana. Mama alipimwa sukari jioni ile na kipimo kilikuwa ndani ya kiwango alichowekewa. Mwezi wa kaskazi atakapokuja tena nitakaa naye dirishani upande wa kulia, nione lile ziwa la chumvi aliloniambia.